Mizani Moja kwa Hewa ya Afrika Mashariki

Hewa ya Afrika Mashariki hubeba chembe za asili nyingi kwa wakati mmoja: chumvi inayorushwa na mawimbi ya Bahari ya Hindi, vumbi la nyanda kavu za kaskazini, masizi ya magari na ya majiko ya mkaa, moshi wa mbuga zinazochomwa, na matone ya asidi yanayotokana na gesi ya salfa ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wanasayansi huziita zote kwa jina moja, erosoli. Ni vipande vya kitu kigumu au matone ya majimaji, madogo kiasi cha kuelea hewani kwa saa, siku au hata wiki kabla ya kutua au kusombwa na mvua. Chembe za vumbi huweza kufika makumi ya mikromita, ilhali nyingi za moshi hazifiki mikromita moja. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi.

Udogo huo ndio unaodhuru. Chembe zisizozidi mikromita 2.5, zinazoandikwa PM2.5, hupita pua na koo, hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zile ndogo zaidi huweza kuingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 mwaka 2019. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango linachopendekeza kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 za PM2.5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa hadi mikrogramu 5. Kampala na Nairobi zimo katika miji ambayo vipimo vyake vimekutwa juu ya kiwango hicho mara kadhaa. Chembe hizohizo hupunguza mwanga wa jua unaofika ardhini na hubadili namna mawingu yanavyojengeka. Zinapotua katika Ziwa Victoria huongeza fosforasi na nitrojeni majini, chakula cha mwani unaolisonga ziwa, na utafiti umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia humo hushuka kutoka angani.

Mwenendo wa chembe hizi unafuata pepo na moto. Kuanzia Desemba hadi Februari, kaskazi inapovuma, zinazowaka ni mbuga za kaskazini ya ikweta: Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kaskazini mwa Uganda. Kuanzia Juni hadi Septemba moto huhamia kusini, katika Zambia, Angola, kusini mwa Kongo na magharibi mwa Tanzania, na kusi hubeba moshi wake. Katikati ya misimu hiyo masika na vuli huiosha hewa. Kituo kilichopo Mlima Mugogo, kaskazini magharibi mwa Rwanda, mita 2,590 juu ya usawa wa bahari, kimeyarekodi haya waziwazi: masizi hupanda mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili ni katika miezi ya kiangazi, upepo ukitoka upande wa mbuga zinazoungua. Rwanda yenyewe haina mbuga za kuchoma kwa kiasi hicho. Sehemu kubwa ya masizi yanayopimwa pale mlimani imevuka mipaka.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umo ndani ya kaboni yenyewe. Mmea ulio hai huwa na kiasi kidogo cha kaboni-14, aina ya kaboni ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Petroli na dizeli zimekaa ardhini kwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo kaboni-14 yake imekwisha kabisa. Masizi yaliyonaswa kwenye chujio yakipimwa kaboni hiyo, hujulikana kama yametokana na majani au na mafuta. Watafiti walipofanya hivyo, masizi ya Mugogo yalionekana kutoka zaidi kwenye nyasi na miti iliyoungua, na yale ya jiji la Nairobi yakaonekana kutoka zaidi kwenye mafuta ya magari. Kati ya sehemu hizo mbili hakuna hata kilomita 1,000, na majibu yamepingana. Serikali itakayochukua jibu la kituo kimoja na kulifanya sera ya kanda nzima itakosea kwa gharama kubwa. Ama itawabana wafugaji na wakulima kwa moshi wa mabasi, ama itayabana magari kwa moshi wa mbuga.

Ndiyo maana kanda inahitaji mtandao: vituo vingi vinavyopima kitu kilekile, kwa njia ileile, kwa miaka mingi, na kupeleka matokeo mahali pamoja. Wakati wote linapozungumzwa jambo hili, mazungumzo huelekea kwenye kununua vyombo. Vyombo ni sehemu nyepesi ya kazi. Sehemu nzito, ambayo ndiyo hukosa fedha, ni uratibu, na uzito wake hauonekani mpaka mtu aviangalie vyombo vyenyewe kwa karibu.

Chukua fotomita ya jua. Huko Mbita, nchini Kenya, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, katika kampasi ya kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, imewahi kufungwa fotomita ya mtandao wa AERONET. Mtandao huo ulianzishwa na NASA mwanzoni mwa miaka ya 1990 chini ya mwanasayansi Brent Holben, kwa ushirikiano na watafiti wa Lille, Ufaransa, na sasa una vituo kwa mamia duniani. Chombo chenyewe si kikubwa: mirija miwili iliyoshikamana, mkono wa roboti wa kuigeuza, betri, paneli ya sola na kisanduku cha kuhifadhi data. Kutwa nzima mkono huo huielekeza mirija kwenye jua, na ndani yake gurudumu la vichujio huzunguka ili mwanga upimwe rangi baada ya rangi, kuanzia urujuanimno hadi infraredi. Mwanga uliopotea njiani ndio kipimo cha erosoli. Matokeo huandikwa kwa namba isiyo na kizio, inayoweza kuitwa kina-nuru: 0.1 maana yake chembe zimezuia takriban asilimia 10 ya mwanga wa jua lililo utosini, na 1 maana yake ni asilimia 37 tu ya mwanga inayofika moja kwa moja. Katika kituo cha Mongu, magharibi mwa Zambia, kuna siku za Septemba ambazo moshi huifanya namba hiyo ipite 1.

Mvua ikianza, kihisi huuamuru mkono uinamishe mirija chini ili lenzi isilowe. Buibui ndio wasumbufu zaidi, kwa sababu hupenda kufuma utando ndani ya mirija, na uzi mmoja tu ukipita mbele ya lenzi chombo huripoti vumbi lisilokuwepo. Kwa hiyo kila kituo kinahitaji mtu wa kukikagua: apulize mirija, aangalie kama nukta ya jua inaangukia penye alama, aifute paneli, ahakikishe saa iko sawa, maana chombo kilichokosea saa hakilipati jua. Ni kazi ya dakika chache, ila isipofanywa kwa mwezi mmoja, mwezi huo umepotea na haurudi.

Njia ya pili ni ya zamani na bado haijapata mbadala: kuvuta hewa kupitia chujio na kulipima uzito. Pampu ya kawaida huvuta lita 16.7 kwa dakika, yaani mita za ujazo 24 kwa siku nzima. Hewa ikiwa na mikrogramu 30 za chembe kwa kila mita ya ujazo, mavuno ya siku ni mikrogramu 720, chini ya miligramu moja. Chujio hupimwa kabla na baada, katika chumba chenye joto na unyevu visivyobadilika, na huachwa humo saa 24 litulie kabla ya kuwekwa kwenye mizani. Alama ya kidole inatosha kukiharibu kipimo. Kazi hii huchosha, lakini chujio ndilo linalotoa kemia: masizi ni kiasi gani, salfa ni kiasi gani, udongo ni kiasi gani. Bila chujio kusingekuwa na ile habari ya kaboni-14.

Njia ya tatu imeenea kwa kasi katika miaka kumi iliyopita, nayo ni vihisi vya bei nafuu. Mwali wa leza hupita ndani ya kisanduku kidogo, chembe hutawanya mwanga, na kompyuta hukisia uzito wa chembe kutokana na mwanga huo uliotawanyika. Mradi wa AirQo, ulioanza mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Makerere, huviunganisha vifaa hivyo Kampala kwenyewe, vikiwa vimetengenezwa kuhimili vumbi na kukatika kwa umeme. Umevifunga kwenye nguzo na hata kwenye bodaboda, na umevisambaza katika miji mingine ya Afrika, Nairobi ikiwemo. Haya ni mafanikio makubwa, na yamefanywa na wahandisi wa kanda hii. Hata hivyo kihisi cha leza kina udhaifu wake wa kimaumbile: chembe hufyonza maji hewa inapokuwa na unyevu, huvimba, na hutawanya mwanga zaidi ya uzito wake halisi. Kwa sababu hiyo kihisi lazima kiwekwe kwanza kando ya chombo cha rejea kwa muda, kisha ipatikane hesabu ya kurekebisha. Na hesabu hiyo haihamishiki ovyo. Iliyopatikana Kampala, kwenye masizi na vumbi la udongo mwekundu, haiwezi kutumika Mombasa au Zanzibar, ambako hewa ni nzito kwa unyevu na imejaa chumvi ya bahari, bila kuthibitishwa upya hukohuko.

Kwa njia zote tatu, jambo linaloamua thamani ya mtandao ni kalibresheni, yaani kukilinganisha chombo na chombo kikuu kinachoaminika. AERONET hufanya hivi: fotomita chache kuu hupelekwa kwenye vilele vyenye hewa safi na tulivu, Mauna Loa huko Hawaii, karibu mita 3,400 juu ya bahari, na Izaña katika kisiwa cha Tenerife. Pale chombo hupima jua tangu liko chini, mwanga ukipita kwenye hewa nyingi, hadi linapopanda na hewa ya kupitia kupungua. Kutokana na mfululizo wa vipimo hivyo hukokotolewa namba ambayo chombo kingeisoma kama pasingekuwa na hewa kabisa. Fotomita za vituoni nazo hurudishwa kila baada ya mwaka hivi, zikawekwa bega kwa bega na zile kuu katika kituo cha NASA cha Goddard karibu na Washington, au Lille, au Valladolid nchini Hispania. Ukali huo una sababu. Kosa la asilimia 1 katika kalibresheni huzaa kosa la 0.01 katika kina-nuru jua likiwa utosini, na vichujio vya ndani huchakaa kila mwaka bila chombo kuonyesha dalili yoyote kwa nje.

Kwa kituo cha Ulaya utaratibu huo ni safari ya lori. Kwa kituo cha Afrika Mashariki ni kreti la ndege, hati za kutoa mali nchini kwa muda, bima, barua ya wizara, na forodha mara mbili. Chombo kinapokaa ghalani kikisubiri muhuri, kituo kiko gizani, na giza hilo likiangukia Julai na Agosti msimu mzima wa moshi wa kusini unakosekana kwenye rekodi. Mratibu wa mtandao anayestahili jina hilo hutumia muda mwingi kuliko mtu anavyodhani kwenye mambo ya namna hii: kupanga vyombo viondoke wakati wa masika, angani kukiwa na mawingu na hakuna kikubwa cha kupima, kuwa na chombo cha akiba kitakachoshika nafasi, kukubaliana na mamlaka za forodha mapema, kuweka vipuri na betri kwenye stoo moja inayofikika, kumfundisha mkaguzi mpya kabla yule wa zamani hajahamishwa.

Pana pia uratibu wa data. Katika AERONET data huainishwa kwa ngazi tatu: 1.0 ni ghafi, 1.5 imeondolewa vipimo vilivyochafuliwa na mawingu, na 2.0 imepitishwa baada ya kalibresheni ya mwisho. Mtafiti wa Arusha akichukua ngazi ya 2.0 ya kituo cha Brazil anajua ameshika kitu cha aina gani. Hiyo ndiyo faida ya mtandao kwa walio nje ya kituo, na ndiyo iliyozifanya setilaiti ziaminike, kwa kuwa makadirio ya erosoli yanayotoka angani hukaguliwa kwa fotomita za ardhini. Setilaiti huona eneo pana, lakini haioni chini ya mawingu, na hutazama hewa yote kuanzia juu hadi chini bila kutenganisha kirahisi ile anayoivuta mtoto barabarani.

Mfano bora wa uratibu wa aina hii kati ya serikali na serikali uko Ulaya, na umri wake ni karibu nusu karne. Katika miaka ya 1960 mwanasayansi wa Sweden, Svante Odén, alieleza kwamba asidi iliyokuwa ikiua maziwa ya Skandinavia ilibebwa na upepo kutoka viwanda vya nchi nyingine. Nchi zilizolaumiwa zilitaka ushahidi. Mwaka 1977 ukaanza mpango wa EMEP wa kupima na kukokotoa uchafuzi unaovuka mipaka, na mwaka 1979 ukatiwa saini mkataba wa Geneva kuhusu uchafuzi huo, wakati ambapo Ulaya ilikuwa imegawanyika kati ya Mashariki na Magharibi. Pande zote mbili ziliingia. Kituo cha uratibu wa kemia kikawekwa Norway, na vituo vya kukokotoa mienendo ya hewa kimoja kikawa Oslo na kingine Moscow.

Mambo mawili ya EMEP yanastahili kuigwa moja kwa moja. La kwanza ni la kimaabara: kituo cha Norway hutuma kila mwaka sampuli zilezile kwa maabara za nchi zote, kila maabara hupima bila kujua jibu, na matokeo huchapishwa yakionyesha nani alikosea na kwa kiasi gani. La pili ni la fedha. Kila nchi hulipia vituo vyake, lakini gharama za vituo vya uratibu hugawanywa kwa wote kwa kipimo kilichoandikwa katika itifaki ya mwaka 1984, iliyoanza kutumika mwaka 1988. Ni itifaki fupi na haina mvuto wa kisiasa, ila ndiyo iliyoufanya mpango udumu. Kwenye data hizo zikajengwa itifaki za kupunguza uchafuzi, na salfa inayomwagwa hewani barani Ulaya imepungua kwa zaidi ya robo tatu tangu mwaka 1980. Uzoefu wa kuratibu ulionekana tena Aprili 2010, volkano ya Eyjafjallajökull ya Iceland ilipolipuka na safari za ndege zipatazo 100,000 zikafutwa. EARLINET, mtandao wa vituo vya leza ulioanza mwaka 2000, uliweza kufuatilia majivu juu ya bara zima tangu siku za mwanzo, kwa sababu vituo vilikuwa vimeshazoea kupima kwa ratiba moja na kuandika matokeo kwa namna moja.

Afrika nayo ina mfano wake. Mtandao wa INDAAF, uliotokana na mpango wa miaka ya 1990 wa watafiti wa Kiafrika na Kifaransa, umepima mvua, gesi na chembe katika vituo vya Afrika Magharibi, Kati na Kusini, na baadaye Mbita. Tangu mwaka 2006 vituo vyake vitatu, Banizoumbou nchini Niger, Cinzana nchini Mali na M'Bour nchini Senegal, vimepangwa karibu katika mstari mmoja wa latitudo, kufuata njia ambayo vumbi la Sahara husafiri kuelekea Atlantiki wakati wa upepo mkavu wa harmattan. Vituo vitatu tu, vilivyochaguliwa kwa akili na kutunzwa kwa miaka, vimefundisha mengi kuhusu vumbi la Sahel, na vinathibitisha kwamba mpangilio na udumifu vina uzito kuliko wingi.

Afrika Mashariki haianzi na mikono mitupu. Ilikuwa na idara moja ya hali ya hewa yenye makao Nairobi, iliyohudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa utaratibu mmoja, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mwaka uleule ambao Ulaya iliianza EMEP. Waangalizi wa viwanja vya ndege waliandika, na bado huandika, mtu anaona umbali gani, wakitazama kilima au jengo ambalo umbali wake unajulikana. Maandishi hayo ya miaka mingi ni rekodi ya vumbi na moshi inayongoja kusomwa kwa jicho hilo. Mwaka 1989 kilianzishwa Nairobi kituo cha kufuatilia ukame ambacho leo ni ICPAC, cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kinachohudumia nchi 11. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi hizo hukutana kabla ya msimu wa mvua na kutoka na utabiri mmoja wa kanda. Juu ya Mlima Kenya, mita 3,678, kuna kituo cha mpango wa dunia wa kufuatilia angahewa wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani kilichoanza mwaka 1999 kwa ushirikiano wa Kenya na Uswisi, ingawa matatizo ya umeme yameacha mapengo katika rekodi yake. Malindi, kwenye kituo cha anga cha San Marco, nako kumewahi kufanya kazi fotomita ya AERONET. Na mwaka 2008 serikali za kanda zilikubaliana, katika Makubaliano ya Nairobi, kushirikiana kuhusu uchafuzi wa hewa.

Yote hayo yapo, na bado hakuna mtandao. Kila kipande kililetwa na mradi wake, kina mfadhili wake, kinafuata kalibresheni yake na kinaishi kwa muda wa mkataba wake. Makubaliano ya mwaka 2008 hayakuzaa kitu cha mfano wa itifaki ya 1984: hakuna kiasi ambacho kila nchi inawajibika kulipa ili mizani ya pamoja isimamiwe. Hatari ya kuishi hivyo ilionekana Machi 2025, Marekani iliposimamisha utangazaji wa vipimo vya hewa vya balozi zake duniani, Kampala na Addis Ababa zikiwemo. Kwa miaka kadhaa vyombo hivyo vilikuwa miongoni mwa vyombo vichache vya rejea vilivyotangaza vipimo hadharani katika miji hiyo, na watafiti walikuwa wamevitegemea kusahihisha vihisi vya bei nafuu. Uamuzi uliofanywa Washington uliwaondolea chombo cha kulinganishia kwa siku moja. Wafadhili hawapaswi kulaumiwa kwa kuondoka na walichokileta. Rejea ya vipimo vya taifa haikupaswa kuwa mali ya ubalozi tangu awali.

Kinachotakiwa kwanza, basi, ni kituo cha kulinganishia ndani ya kanda. Hakihitaji mlima wa hewa safi kama Mauna Loa. Kinahitaji fotomita kuu mbili zinazopokezana safari ya kwenda Izaña, paa lisilo na kivuli ambapo fotomita za nchi zote zitapangwa kandokando, chumba cha mizani cha kupimia vichujio, na chombo cha rejea cha PM2.5 kinachoweza kusafirishwa kutoka mji hadi mji kuvikagua vihisi papo hapo. Kreti la kutoka Dar es Salaam au Bujumbura litasafiri kwa lori, chini ya utaratibu wa forodha ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokwisha kufufuliwa, tayari inao. Pamoja na hayo uwepo mzunguko wa sampuli za siri kwa maabara zote, kila mwaka, na matokeo yatangazwe. Kutangaza makosa ya maabara kutawakera wakubwa wa maabara hizo mwanzoni, lakini bila kutangaza hakuna atakayejirekebisha.

Suala la nani akikalie kiti cha mratibu lina ugumu wa kweli. ICPAC ina ujuzi na mazoea ya kukutanisha nchi, lakini Kongo haimo kati ya nchi zake 11, na Kongo ndiyo yenye volkano na sehemu kubwa ya moto. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeipokea Kongo tangu mwaka 2022, lakini Ethiopia na Sudan, ambako vumbi la kaskazini hutoka au hupitia, hazimo. Suluhisho lenye mantiki ni kazi ya kitaalamu kufanywa na ICPAC, na wajibu wa kulipa uandikwe katika itifaki iliyo wazi kwa nchi yoyote ya kanda kuitia saini, kama mkataba wa Geneva ulivyowafungulia mlango watu wa kambi mbili. Kungoja chombo kimoja cha kisiasa kitakachozikusanya nchi zote ni kuongeza miaka mingine juu ya ile iliyopita tangu 2008.

Kuhusu data, msingi umeshawekwa. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipitisha sera moja ya kubadilishana data, na hali ya kemia ya angahewa imetajwa humo pamoja na mvua na joto. Nchi zinazotuma vipimo vya mvua kila siku bila kuuliza zina kila sababu ya kutuma PM2.5 vilevile. Hofu kwamba namba mbaya zitawakimbiza watalii na wawekezaji imezichelewesha serikali nyingi, na hofu hiyo huwaumiza raia: mama mwenye mtoto wa pumu Kariakoo jijini Dar es Salaam au Eastleigh jijini Nairobi anahitaji namba ya leo asubuhi, na daktari wake anahitaji ya miaka mitano.

Ajira nayo iwe ya kudumu. Mkaguzi wa kituo na fundi wa vyombo wakiwa kwenye orodha ya mishahara ya mamlaka ya hali ya hewa au chuo kikuu, ujuzi hubaki; wakiwa watu wa mradi, huondoka mradi unapoisha, pamoja na nywila ya kompyuta na kumbukumbu ya ni lini chombo kilianguka. Vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam na Rwanda vina wanafunzi wa fizikia na kemia wanaoweza kupewa kazi hiyo kwa zamu, kituo kimoja kwa mwaka, kama sehemu ya mafunzo yao.

Vituo vipya vichache vichaguliwe kwa kufuata njia za upepo, kama ilivyofanyika Sahel. Pengo kubwa liko magharibi mwa Tanzania, katika misitu ya miombo ya Tabora na Kigoma, ambako moshi wa Juni hadi Septemba ungepimwa kabla haujaingia Burundi au kuvuka Ziwa Tanganyika kuelekea Kongo. Goma, mji wa Kongo ulio karibu na Nyiragongo, unahitaji kituo cha salfa na chembe upande wa chini wa upepo wa volkano. Kaskazini mwa Uganda kungenasa moshi wa Desemba, na Zanzibar au Mafia kungetoa kipimo cha hewa ya bahari, ambacho vipimo vya nchi kavu vingelinganishwa nacho. Vituo hivyo vinne, pamoja na Mugogo, Mbita na Mlima Kenya vikifufuliwa na kuunganishwa kwenye kalibresheni moja, vinatosha kuanza kugawa kwa namba, msimu kwa msimu, ni kiasi gani cha masizi ya kila nchi ni chake na kiasi gani ni cha jirani.